Jinamizi, sikoseli na usiku uliokatika vipande

Nianze na usiku wenyewe. Saa 8 usiku goti la kushoto likaniamsha, sio kraisisi kubwa, yale maumivu makali ya kukimbizwa hospitali, ni yale maumivu ya chinichini ambayo mtu wa sikoseli, huu ugonjwa wa damu wa kurithi, anayajua, kama kuna mtu anakamua mfupa taratibu, nikakaa kitandani nikanywa maji nusu lita, nikameza panado mbili, nikaenda chooni, nikachemsha maji nikakanda goti na kitambaa, nikaenda chooni tena, kuja kuangalia simu saa 9 imeshafika. Nikalala chali maana goti halikutaka nilikunje.

Alafu nikaamka. Nasema nikaamka kwa sababu chumba nilikiona chote, neti niliiona, feni niliisikia, jogoo wa jirani alishaanza kuwika, na khanga ya mama ilikuwa imetundikwa mlangoni pale pale anapoitundika siku zote. Nikataka kugeuka, mkono haukuja. Nikataka kumuita mama, mdomo haukufunguka. Alafu ile khanga ikawa na mabega. Ikaacha mlango, ikaja mpaka pembeni ya kitanda, na kitu kizito kikanikalia kifuani, nikawa navuta pumzi haiingii, najua kabisa nakufa na mama yuko chumba cha pili hata hajui.

Ikaisha. Mabega yakapotea, khanga ikabaki khanga.

Huku kwetu neno lake lipo na kila mtu analijua, jinamizi, umekabwa na jinamizi. Bibi yangu Tanga aliponisikia mara ya kwanza aliniwekea kisu chini ya mto akanisomea Ayatul Kursi, na mpaka leo nikilala naisoma, sioni ubaya wowote, moyo unatulia na moyo ukitulia usingizi unakuja vizuri. Ila kuna sehemu ya jambo hili ambayo bibi hakuijua na hata madaktari niliokutana nao miaka mingi hawakuwahi kunigusia, kwamba ugonjwa wangu na jinamizi langu vinajuana. Miaka nimeishi nikidhani nina mikosi miwili tofauti, wa damu na wa usiku.

Twende kwenye usingizi kwanza. Usingizi sio kitu kimoja kilichonyooka kuanzia saa 4 mpaka asubuhi, unaenda kwa mizunguko, kila mzunguko kama dakika 90 hivi, unazama, unapanda, alafu unaingia kwenye usingizi wa ndoto, macho yanacheza chini ya kope. Aliyeliona hili kitaalamu ni mwanafunzi Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakalichapisha 1953. Mwanzo wa usiku hicho kipande cha ndoto ni kifupi, kadiri asubuhi inavyokaribia kinarefuka, ndo maana ndoto nyingi unazozikumbuka ni za alfajiri na jinamizi nalo linapenda sana saa hizo.

Sasa ukiwa kwenye ndoto ubongo unafanya kazi karibu kama uko macho, unakimbia, unapigana, unapanda mnazi. Ingekuwa mwili unaitikia kila kitu ungeamka umeshavunja kitanda. Kwa hiyo shina la ubongo, lile linalounganisha ubongo na uti wa mgongo, linafunga njia, linatumia kemikali mbili, glaisini na GABA, kuzizima neva zinazoendesha misuli. Inabaki misuli ya macho na kiwambo kinachovuta pumzi. Mfaransa mmoja, Michel Jouvet, kule Lyon, aliharibu kidogo hiyo sehemu kwenye ubongo wa paka, na wale paka wakawa wanainuka usingizini wanawinda na kurukia vitu ambavyo havipo, huku wamelala. Kupooza huko basi ni kinga, kila mtu mzima anapooza kila usiku mara 4 au 5 na hajui.

Jinamizi ni pale akili inapoamka kabla kinga haijaondolewa. Ni hilo tu. Umeshafika juu, mlango bado umefungwa kwa nje.

Na yale mengine yote yanatokana na hapo. Kifua kubanwa: kiwambo kinafanya kazi ila misuli ya katikati ya mbavu imelegea, pumzi za usingizi wa ndoto ni fupifupi na hazifuati amri yako, we unaamka unataka kuvuta pumzi ndefu, haiji, unahisi mtu amekukalia. Oksijeni inaingia vizuri tu, ni ile pumzi ya makusudi ndo huna. Hofu: ile sehemu ya ubongo inayowasha woga inakuwa imewaka sana wakati wa ndoto, sasa woga upo tayari na sababu yake haipo, ubongo unaangaza chumba kizima kutafuta nani wa kumuogopa, unakutana na khanga mlangoni. Na ndoto yenyewe haijakatika, inaendelea kuchorwa juu ya chumba cha kweli, ndo maana unaona kila kitu kiko mahali pake isipokuwa hicho kimoja. Wengine wanasikia nyayo, wengine wananong'onezwa, wengine wanahisi wanaelea juu ya kitanda.

Watu wengi wanapitia hili. Mwaka 2011 Brian Sharpless na Jacques Barber wa Marekani walikusanya tafiti 35 zenye watu zaidi ya 36,000 wakaona karibu asilimia 8 ya watu wa kawaida wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani, kwa wanafunzi wakakuta asilimia 28, kwa wagonjwa wa akili karibu 32. Wanafunzi wana nini? Hawalali. Wajapani wana jina lao, kanashibari, Waarabu wa Ghuba wanasema jathum, na sisi 1995 tulikuwa na Popobawa, jini lililosemekana linavamia watu usiku wakiwa wamelala, lililoanzia Pemba likavuka Unguja mpaka huku Dar. Wakubwa wanasimulia familia nzima zilivyokuwa zinatoka nje kulala pamoja kwenye mikeka, moto umewashwa, hakuna anayetaka kufumba macho ndani, na kuna mtu mgonjwa wa akili aliuawa mjini Unguja kwa kudhaniwa ndiye. Mimi ukiniuliza nasema mambo ya Popobawa yana mengi ndani yake, siasa imo, aibu imo, siwezi kuyamaliza kwa mstari mmoja, ila kipande kile cha mtu kuamka hawezi kusogea na kitu kimemlalia, kile ni jinamizi lenyewe, na watu waliokesha kwa woga wiki nzima wakija kulala ndo wanakabwa zaidi, yaani woga wa jinamizi unapika jinamizi lingine.

Hapa sasa ndo pananiuma mimi. Mwaka 1992 Wajapani walichapisha jaribio ambalo nilipolisoma niliweka simu chini. Walichukua watu 16 wazima, wakawalaza maabara usiku nne tofauti, wakawa wanawaamsha katikati ya usingizi kwa saa iliyopangwa, wanawakalisha macho dakika 60, alafu wanawaambia laleni tena. Kawaida mtu akilala anaanza na usingizi mwepesi, ndoto zinakuja baadaye. Hawa wakilala mara ya pili, katika mara 100 kama 72 walidondokea moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto. Na kati ya kuamshwa huko kote mara 64, mara 6 jinamizi likaja, kwa watu wazima kabisa wasio na ugonjwa, limetengenezwa maabara.

Kuamshwa, kukaa macho saa nzima, kulala tena. Rudi juu kasome usiku wangu nilioanza nao. Saa 8 goti, saa 9 nimelala. Hakuna maabara iliyonifanyia, ni ugonjwa wangu wenyewe unaniamsha kila siku kama wale Wajapani walivyokuwa wanawaamsha watu wao.

Na maumivu ni sababu moja tu ya kuamka. Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na sikoseli, au selimundu, kila mwaka, tuko kwenye nchi chache za juu duniani, na sidhani kama kuna mzazi hata mmoja kati ya kumi anayeambiwa kuhusu usiku. Anaambiwa folik asidi, anaambiwa maji mengi, anaambiwa baridi, siku hizi anaambiwa dawa ya haidroksiyurea na ni jambo jema sana. Usiku haumo. Wakati damu yetu yenyewe inategemea oksijeni, chembe ikipungukiwa oksijeni ndo inajikunja kama mundu na kuziba njia, na usingizini kila binadamu anavuta pumzi kidogo kuliko mchana. Kwa mtoto wa sikoseli mwenye mafindofindo makubwa, na wengi wanayo, njia ya hewa inafunga, pumzi inakata sekunde kadhaa, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka unamuamsha kidogo, anavuta, analala, inakata tena. Asubuhi anaambiwa amelala masaa 10 mbona mchovu. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi na shingo ameitupa nyuma, jasho linamtoka kichwani hata kama hakuna joto, huyo apelekwe aangaliwe koo.

Kukojoa. Figo zetu zinaharibika mapema kwenye ile sehemu inayoufanya mkojo uwe mzito, zinatoa mkojo mwingi mwepesi mchana na usiku, na hapo hapo tunaambiwa tunywe maji mengi, na ni kweli inabidi. Kwa hiyo mtu mzima anaamka mara 3 au 4, na mtoto anajikojolea mpaka umri ambao wenzake wameshaacha zamani. Mimi nilikojoa kitandani mpaka darasa la sita. Nilichapwa, godoro langu lilianikwa mbele ya nyumba watu wakiliona, na wala haukuwa uvivu wala utukutu, zilikuwa figo. Mzazi unayesoma hapa na una mtoto wa sikoseli, nakuomba sana hilo godoro lianike nyuma.

Kuna jingine ambalo vijana wa kiume hawalisemi kabisa, uume kusimama kwa maumivu na kugoma kulala, mara nyingi ni alfajiri. Kwenye usingizi wa ndoto mwanaume yeyote husimamisha, ni kawaida ya mwili, ila kwa mwenye sikoseli damu inaweza kukwama mle ndani. Kuna ambao inawaamsha usiku mmoja mara mbili tatu, wanakaa wanazunguka chumbani gizani, wanaona aibu hata kumwambia kaka yao, usingizi unaisha hivo. Wengine wanaambiwa wamerogwa au wana jini mahaba. Mdogo wangu, hiyo ni damu, ikijirudia mwambie daktari wa kliniki yako, ikitimiza masaa mawili haijashuka anza safari ya hospitali, usisubiri kukuche, maana ikizidi masaa manne inaweza kukuharibia maisha yako yote.

Wenye magonjwa mengine nao wana milango yao. Wa kisukari sukari ikipanda anakojoa usiku kucha, ikishuka sana anaamka ameloa jasho na ndoto za ajabu. Wa presha akipewa dawa ya kukojoza akainywa usiku ndo ameshajiharibia, nyingi zinanyweka asubuhi, aulize. Propranololi, dawa ya presha na moyo, inaleta ndoto kali kwa baadhi ya watu. Prednisoloni, ile dawa ya steroidi, ukiimeza jioni inafukuza usingizi. Waliokuwa wanatumia efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI, miaka ile kabla ya kuhamishiwa dawa zenye dolutegravir wanajua ndoto zile zilivyokuwa, za rangi, kama sinema. Dawa nyingi za sonona zinakandamiza usingizi wa ndoto, ukiziacha ghafla ndoto zinarudi kwa mkupuo na jinamizi juu yake. Sijasema mtu aache dawa, nasema saa ya kumeza na dozi ni kitu cha kujadili, na huwezi kujadili kitu ambacho hujamwambia daktari kwamba kipo.

Kuna sehemu moja nataka isomwe polepole hata kama mengine umeyaruka. Kwa sababu jinamizi ni la kawaida na haliui, mtu anaweza kuliita jinamizi jambo ambalo silo. Jinamizi linashika mwili mzima kwa pamoja, linakaa sekunde au dakika chache, na likiachia linaachia kote, unasimama unatembea. Mtoto wa sikoseli akiamka mkono na mguu wa upande mmoja haufanyi kazi, au mdomo umepinda, au maneno hayatoki sawasawa na inaendelea, hicho ni kiharusi, na sikoseli inaleta kiharusi hata kwa mtoto wa miaka mitano. Asifukiziwe ubani, asipelekwe kwa mganga kwanza, ni hospitali saa hiyo hiyo. Vile vile kifua, ukishakaa na kusogea alafu bado kinabana, kinauma ukivuta pumzi, una homa au kikohozi, hilo sio la kulalia mpaka asubuhi. Na wa kisukari ukiamka umeloa, unatetemeka, akili haiko sawa, pima sukari, kama huna kipimo kunywa kitu chenye sukari kwanza.

Na mwenye kukabwa kila wiki huku mchana analala hovyo mpaka kwenye daladala, au akicheka sana magoti yanalegea, kuna ugonjwa unaitwa narkolepsia, hauna uhusiano na damu, nao unatibika kiasi.

Lililonisaidia mimi zaidi ni kuacha kulala chali, jinamizi linapenda mtu aliyelala chali kuliko mkao wowote. Nikiwa na goti baya naweka mto katikati ya magoti nalala ubavu, naweka mwingine mgongoni nisirudi. Nikishaamshwa na maumivu siwashi simu tena, zamani nilikuwa napitisha hiyo saa nzima kwenye simu na mwanga wake, sahivi nakunywa dawa mapema maumivu yakianza badala ya kusubiri yakomae, na hicho kipande cha kukaa macho kimekuwa kifupi. Dawa za usingizi za kununua dukani sizigusi, na wewe mwenye sikoseli au mwenye kukoroma usiziguse bila daktari, pamoja na zile za maumivu makali zenye asili ya mofini, maana zinapunguza pumzi na pumzi ndo tunayoitafuta.

Likishakukamata, usipigane. Najua ni rahisi kusema, ila ukisukuma mwili mzima hausogei na woga unapanda. Chagua kitu kidogo, kidole gumba cha mguu, au macho maana macho hayajafungwa, yapeleke kulia kushoto, kulia kushoto. Mimi natumia kidole cha mguu. Kikisogea hicho kila kitu kinafunguka kama kamba imekatwa. Na anayelala na wewe mwambie, akikusikia unapumua haraka haraka au unaguna akuguse begani tu, inatosha.

Kikubwa nilichofanya ni daftari. Daftari la shule la kurasa 40, kila nikiamka usiku naandika kwa penseli saa ngapi na kwa nini, M maumivu, C choo, J jinamizi. Wiki tatu. Kuja kulisoma nikaona J zote isipokuwa moja zina M juu yake usiku ule ule, na zote zilikuja baada ya saa 9. Nikaenda nalo kliniki, nikamwambia daktari mpya niliyemkuta, "Dokta, kuna kitu kinanikaba usiku, ila naomba uangalie hapa kabla hujanijibu." Akafunua, akasoma kurasa zote, hakucheka, akaweka kalamu chini akaniuliza swali ambalo toka nianze kliniki nikiwa mtoto sijawahi kuulizwa, "Unakoroma?"

Nikasema sijui, maana nitajuaje.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, akajibu, "Anakoroma tangu ana miaka sita, nilidhani ni uchovu."

Daktari akavuta karatasi ya vipimo akaanza kuandika.